Daftari la Kijiji: Historia ya Mpango wa Maendeleo wa Wanakijiji nchini Tanzania, 1962–2021

Mwezi Mei mwaka 1969, Rais Julius Nyerere aliwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU kwa hotuba iliyojulikana kwa jina la "Kupanga ni Kuchagua". Miezi minne baadaye, mnamo Septemba, Kamati Kuu ya chama hichohicho ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa kifupisho RDA. Huo ulikuwa umoja wa vijiji vya Songea ambavyo kwa miaka kadhaa vilikuwa vikijipangia na kujichagulia vyenyewe. Tukio la kwanza huwekwa katika historia ya mipango ya uchumi, na la pili katika historia ya ujamaa. Makala haya yanayasoma pamoja, kwa kuwa yote mawili yanahusu jambo moja: mamlaka ya watu wa kijiji kuamua kitakachofanyika kijijini mwao na kitakachoachwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba historia ya mpango wa kijiji haielezeki vyema kwa swali lililozoeleka, yaani kama wanakijiji walishirikishwa au hawakushirikishwa. Karibu katika kila kipindi waliitwa, wakaketi chini ya mwembe, wakasema. Swali linalotofautisha kipindi kimoja na kingine ni la maandishi: nani aliandika yaliyosemwa, kwa lugha gani, na daftari lilibaki mikononi mwa nani baada ya mkutano kufungwa. Swali hili ni la kiisimu kama lilivyo la kiutawala, na labda ndiyo maana wanauchumi wamelipita haraka.

Neno na kamati

Kitenzi *kupanga* kina maana ambazo hazikai pamoja kwa urahisi. Mtu hupanga vyombo kabatini, hupanga safari, na hupanga chumba kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo *mpangaji* ni yule anayeweka mambo katika utaratibu wake, na pia ni yule anayekaa katika nyumba ya mwingine kwa masharti ya mwingine. Utata huo wa msamiati haukukusudiwa na mtu yeyote, lakini msomaji wa nyaraka za vijiji anaweza kujiuliza mara nyingi ni mpangaji wa maana ipi anayezungumziwa.

Kamati za Maendeleo za Vijiji ziliundwa kuanzia mwaka 1962, wakati serikali mpya ya Tanganyika ilipokuwa inaondoa mamlaka ya machifu. Kazi yake ilikuwa kuratibu kujitolea: barabara, visima, madarasa, zahanati. Mwitikio ulikuwa mkubwa kuliko serikali ilivyoweza kuubeba. Madarasa yalijengwa pasipo na walimu, na zahanati pasipo na waganga wala dawa, hata viongozi wakalazimika kuwasihi wananchi wapunguze kasi. Katika miaka hiyo kamati ilikuwa na mikono ya watu lakini haikuwa na fungu la fedha. Iliweza kuamua jengo lisimame wapi, lakini haikuweza kuamua kama jengo hilo litafanya kazi. Mwaka 1969 kamati za vijiji zilipisha Kamati za Maendeleo za Kata, na kwa kuwa kata hukusanya vijiji kadhaa, uamuzi ukapanda ngazi moja. Kamati ya kata haijashuka tena tangu wakati huo. Mpango wa kijiji bado hupita kwake.

Sambamba na kamati hizo, serikali ilikuwa na njia nyingine, iliyofuata ushauri wa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961. Njia hiyo ilikuwa makazi mapya yenye matrekta, mameneja na mikopo, ambamo wakulima walihamishiwa katika mpango uliokwisha kuandikwa. Ilisitishwa mwaka 1966, gharama zikiwa zimezidi mazao. Inatajwa hapa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wakati matrekta ya makazi hayo yakiharibika, kundi dogo la vijana wa Songea lilikuwa linafanya kinyume chake.

Litowa na vijiji vya Ruvuma

Vijana hao walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Jaribio lao la kwanza la kuanzisha kijiji huko Litowa, mwaka 1960, lilivunjika kwa ukosefu wa chakula. Waliporudi walikuwa wamejifunza jambo moja ambalo baadaye lilikuwa kanuni ya vijiji vyote vya umoja huo: chakula kwanza, mengine baadaye. Mwaka 1963 umoja wa vijiji ulisajiliwa, na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyewahi kuishi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, akahamia Litowa na familia yake kama mshauri. Hadi unavunjwa, umoja huo ulikuwa na vijiji vipatavyo 17, vingi vyao vidogo sana kwa kipimo cha vijiji vya leo.

Kwa mtafiti wa mipango, jambo la kuzingatia zaidi hapa ni mfuatano wa maamuzi. Baada ya chakula yalifuata maji, yaliyoletwa kwa mabomba kutoka vyanzo vya juu. Kisha vijiji vikamiliki kwa pamoja kinu cha kusaga nafaka mjini Songea, kwa kuwa wenye nafaka ndio waliojua wanapoteza kiasi gani kwa kuipeleka kwa mwingine. Kikafuata kiwanda cha mbao. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji vyote na kuwafundisha kwa kuzingatia maisha ambayo wangeishi hapohapo kijijini. Watafiti kadhaa wanaiona shule hiyo nyuma ya waraka wa "Elimu ya Kujitegemea" wa mwaka 1967. Kila hatua ilizaliwa na tatizo lililodhihirika katika hatua iliyotangulia. Mtaalamu akiangalia ramani ya mkoa asingeweza kuuandika mfuatano huo, kwa sababu ulihitaji kujua mambo ambayo ramani haiyaonyeshi: nani anaaminiwa na nani, na kijiji kipi kimekwisha kushinda njaa ya mwaka wa kwanza.

Utaratibu wa uamuzi ulikuwa wa kawaida, na nguvu yake ilikuwa hapo. Kila kijiji kilikuwa na mkutano wake na viongozi wake wa kuchaguliwa, na wawakilishi wa vijiji walikutana katika umoja. Kijiji kilichotaka kujiunga kilituma watu wake wakaishi na wenzao na kujifunza kabla ya kuanza. Lugha ya jambo hilo lote ilikuwa lugha ya mkutano. Waliozungumza ndio waliotekeleza, na waliotekeleza ndio waliorudi mkutanoni kueleza kilichoshindikana. Hapakuwa na hatua ya katikati ambapo maneno ya kijiji yangetafsiriwa kuwa lugha ya ofisi kabla ya kupata idhini. Andrew Coulson na wengine walioandika kuhusu Ruvuma wamesisitiza uhuru wa kisiasa wa vijiji hivyo. Makala haya yanaongeza kwamba uhuru huo ulikuwa pia uhuru wa kutotafsiriwa.

Ndiyo maana kuvunjwa kwake hakuelezeki kwa wivu wa viongozi wa mkoa pekee, ingawa malalamiko ya viongozi hao yalikuwepo. Waraka wa "Ujamaa Vijijini" wa Septemba 1967 ulikuwa umekwisha kuifanya aina ya maisha ya Litowa kuwa sera ya taifa. Mara kilichokuwa jaribio kilipokuwa sera, chama kilijiona kuwa mwenye sera. Mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu iliamua kwamba kuongoza vijiji vya ujamaa ni kazi ya chama, na umoja unaojitegemea ukawa hauna nafasi. Kinu na kiwanda cha mbao vilichukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine. Nyerere mwenyewe, katika waraka wa "Uhuru na Maendeleo" wa Oktoba 1968, alikuwa ameonya kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Mwaka mmoja haukwisha kabla ya kijiji kilichoingia bila kulazimishwa kunyang'anywa chombo chake.

Kutoka mkutano hadi operesheni

Miaka iliyofuata inajulikana vya kutosha na wasomaji wa historia ya Tanzania. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, kwa muundo ulioshauriwa na kampuni ya McKinsey, na wapangaji wakawa maofisa wa mikoa na wilaya. Mnamo Novemba 1973 kuishi katika kijiji kukawa amri. Neno *operesheni*, lililotoka jeshini na hospitalini, likaingia katika msamiati wa kila kaya: Operesheni Dodoma, Operesheni Kigoma, Operesheni Sogeza. Sheria Na. 21 ya mwaka 1975 iliviandikisha vijiji na kuvipa halmashauri zenye wajumbe 25 na kamati zake, mojawapo ikiwa ya mipango na fedha. Mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Miaka michache baadaye wakaletwa mameneja wa vijiji, watumishi wa serikali. Kwenye karatasi, kijiji hakijawahi kuwa na vyombo vingi vya kupanga kama wakati huo. Hata hivyo, kila aliyeshika kalamu alikuwa anawajibika kwa mtu aliyekuwa nje ya kijiji.

Kuna jambo moja katika sheria ile ambalo halikukusudiwa kuwa kubwa. Kijiji kilichoandikishwa kilikuwa mtu kisheria: kingeweza kushtaki na kushtakiwa, na kumiliki mali. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 iliyaendeleza hayo na kuutambua mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi mtu mzima, kuwa chombo kikuu cha uamuzi. Hapo ndipo *muhtasari* ulipopata uzito wake. Neno hili, ambalo kwa asili yake lina maana ya kufupisha, katika utawala wa vijiji likawa na maana ya ushahidi. Ardhi hutolewa kwa muhtasari, mwekezaji huja na muhtasari, na kesi hushinda au huanguka kwa muhtasari. Kijiji kinachoandika muhtasari wake vizuri kina silaha. Kijiji kinachoandikiwa, au kinachotiliwa saini na watu watatu baada ya mkutano ambao haukufanyika, kimempa mwingine silaha hiyo.

Duru-Haitemba

Mfano bora wa silaha hiyo kutumiwa na wenyewe uko wilayani Babati. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, ulikuwa katika mchakato wa kutangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vilivyouzunguka havikukubali. Habari za kutangazwa zilizidisha ukataji, kwa sababu mtu anayejua kuwa mali yake itachukuliwa kesho huivuna leo. Mwaka 1994 maofisa wa misitu, wakisaidiwa na mradi uliofadhiliwa na Sweden na mtaalamu Liz Alden Wily, walibadili swali. Badala ya kuuliza wanakijiji wangesaidiaje kulinda hifadhi ya serikali, waliuliza wangefanya nini kama msitu ungekuwa wao.

Jibu lilikuja kama mpango. Kila kijiji kilitaja mipaka ya sehemu yake, kikaamua sehemu zipi zifungwe zipumzike na zipi ziendelee kutumika, nini kichukuliwe bure, nini kwa kibali, na nini kisichukuliwe kabisa. Uchomaji wa mkaa na ukataji holela ulipigwa marufuku. Walinzi walichaguliwa miongoni mwa vijana wa vijiji. Mpango ule ukageuzwa kuwa sheria ndogo za vijiji, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya mwaka 1995, na msitu ukabaki wa vijiji. Uzoefu huo uliingia katika Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na katika Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo inatambua misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji.

Watafiti wa misitu wamelieleza tukio hili kama ushindi wa uhifadhi. Kwa historia ya lugha ya utawala, umuhimu wake ni kwamba maneno ya mkutano yalipata nguvu ya sheria pasipo kupoteza sura yake. Aliyekamatwa na gogo msituni angeweza kusomewa kifungu kilekile alichokisikia kikijadiliwa. Kati ya Litowa na Duru-Haitemba kuna miaka ishirini na mitano, na mazingira tofauti kabisa: kulikuwa na mfadhili, kulikuwa na mtaalamu mgeni, na siasa ya chama kimoja ilikuwa imekwisha. Kinachofanana ni kwamba karatasi ilibaki kijijini na ikatumiwa na walioiandika.

Mafanikio hayo hayakuenea katika suala la ardhi kwa ujumla. Tume ya Rais ya uchunguzi wa masuala ya ardhi iliyoongozwa na Issa Shivji, ambayo ilizunguka nchi kusikiliza wanavijiji, ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi, mkutano mkuu ukibaki na kazi ya kuidhinisha. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku halmashauri na mkutano zinapotofautiana.

Fursa, vikwazo na maboma

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wizara yenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa ilianzisha utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Ulikusudiwa kumaliza mtindo wa mikutano inayoanza na kuisha kwa orodha ya shida. Wanakijiji walichora ramani ya kijiji, wakatembea kukagua rasilimali, wakaandaa kalenda ya msimu, kisha wakaulizwa wana nini kabla ya kuulizwa wamekosa nini. Kifalsafa, utaratibu huo uko karibu na Litowa kuliko na Operesheni Sogeza.

Pamoja nao ulikuja msamiati mpya. Mipango ikawa *shirikishi*. Miradi ikawa *inaibuliwa*, kitenzi ambacho asili yake ni kutoa kitu majini kikaonekana juu, kana kwamba mradi ulikuwa umelala chini na kazi ya mkutano ni kuuvuta. Mahitaji yakawa *vipaumbele*. Kila neno hapa linatazama mwanzo wa safari ya mpango. Neno linalotazama mwisho wake ni moja, nalo hufika kijijini mara nyingi mpango ukiwa umekwisha kupelekwa: *ukomo wa bajeti*. Mpango hutoka kijijini ukapita kwenye kata hadi wilayani, na huko, ukiwa umeunganishwa na mipango ya vijiji vingine, hupunguzwa uingie katika kiasi kilichotoka Hazina. Nyaraka za ngazi hiyo kwa sehemu kubwa zimekuwa za Kiingereza. Aliyesema kwa Kiswahili kwamba kijiji kinataka kisima kabla ya ofisi hawezi kusoma mahali ambapo mfuatano huo uligeuzwa, wala sababu yake.

Wakati huohuo kijiji kilipungukiwa na uwezo wake wenyewe. Kodi ya maendeleo na ushuru kadhaa vilifutwa mwaka 2003. Kwa mlipaji ilikuwa nafuu ya kweli, kwani ukusanyaji wa kodi ile ulikuwa umejaa udhalilishaji. Kwa mpango wa kijiji ilikuwa na maana kwamba kilichobaki cha kuchangia ni nguvu za wananchi na michango ya papo kwa papo. Matokeo yake yanaonekana kwa macho katika wilaya nyingi: maboma ya zahanati na madarasa, kuta zilizofika usawa wa lenta au kenchi, zikisubiri bati na milango. Boma huwa na historia ndefu ya mikutano nyuma yake. Wanawake walibeba maji na mchanga, vijana wakafyatua tofali, na mpango ukasema serikali itamalizia. Anayelitazama boma hilo baada ya misimu mitano ya mvua hahitaji kuelezwa kwa nini mkutano wa mwaka huu umehudhuriwa na wachache. Ni hali ya mwaka 1963 iliyorudi kwa jina jingine, isipokuwa kwamba safari hii kijiji kiliambiwa kuwa kimepanga.

Nchi jirani zimelikabili jambo hili kwa njia zao. Nchini Rwanda, utaratibu wa *ubudehe*, uliojaribiwa kwanza Butare mwaka 2001, uliwataka wakazi wachore ramani ya jamii yao wenyewe, na umepata faida ya kwamba Kinyarwanda ni lugha ya mkutano na ya ofisi pia. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, imeufanya ushiriki wa umma kuwa sharti linaloweza kudaiwa mahakamani, jambo ambalo Tanzania haijalifikia. Hata hivyo, mipango ya maendeleo ya kaunti huandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi anayehudhuria baraza hupewa ufafanuzi wa mdomo wa kitabu asichokisoma.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Kwa wataalamu wa lugha, kazi ya kutafsiri sheria zilizopo ni kubwa na ya heshima, na inastahili nguvu zote inazopewa. Lakini katika mnyororo wa mpango wa kijiji, sheria ni pingu moja tu. Muhtasari wa mkutano mkuu ni wa Kiswahili tayari, na sheria ndogo za kijiji ni za Kiswahili tayari. Sehemu iliyobaki ni ile ya katikati: majedwali ya wilaya, ukomo wa bajeti, na maelezo ya kilichokatwa. Gharama ya kuyaandika haya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila kijiji, na kuyarudisha yasomwe katika mkutano mkuu unaofuata, ni ndogo kuliko gharama ya boma moja. Vijiji tayari vina ubao ambapo taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kubandikwa, na ukurasa huo unaweza kubandikwa hapohapo, pembeni yake.